Swali Moja la Papa Fundi

Gari likiwa na ugonjwa wa mbele, Papa Fundi hakuligusa kabla mwenye gari hajalala chini. Hiyo haikuwa dharau, ilikuwa taratibu ya karakana yake. Alitandika gunia juu ya matope, akainua gurudumu kwa kriki, akasema kwa upole kama anayekukaribisha mezani: "Lala, kaka. Ingiza kichwa." Hata ukija na suti ya misa, ulilala na suti yako. Kisha yeye alishika gurudumu juu na chini, akalitikisa, na wewe uliyelala ukaona kwa macho yako kile kifundo cha chuma kikicheza ndani ya nyumba yake kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

"Uko naona?"

"Naona, Papa."

"Imecheza mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Bon. Amuka sasa tuzungumuze. Mi sipendi kuuzisha muntu dawa ya ugonjwa hajaona."

Mimi nililala kwenye gunia lile mara nyingi, maana gari langu jeupe lilikuwa dogo na lilikuwa limezeeka kabla hatujafahamiana. Barabara ya kutoka Burungu kwenda Kitchanga haina huruma na magari madogo. Nilikuwa nanunua jibini na maharagwe vilimani, nauza mjini, nanunua sabuni na betri mjini, nauza vilimani. Mimi ni mtu wa kupatana bei. Nikiambiwa kumi nasikia sita. Na kila kitu nakihesabu mara mbili: mara ya kwanza nijue ni ngapi, mara ya pili kwa sababu huyo aliyehesabu mara ya kwanza namfahamu.

Karakana yenyewe ilikuwa mabati manne juu ya nguzo za mikaratusi, kando ya barabara, mahali ambapo magari yalipunguza mwendo kwa sababu ya mteremko. Hapakuwa na kibao. Palikuwa na gogo. Gogo lililazwa kukatiza njia ya kuingilia, na kila mgonjwa aliambiwa apite juu yake polepole huku Papa Fundi amesimama pembeni, macho ameyafumba, mkono nyuma ya sikio. Gari likipiga ko! moja, alisema ni rotile, ndiyo hicho kifundo nilichokitaja, kinachoshika gurudumu la mbele na mkono wa gari. Likipiga ko-ko, alisema ni vile vijiti vya kuzuia gari lisiyumbe. Likilia kama kitanda cha wageni, alisema ni mipira ya mikono imekauka, ile inayokaa kwenye maungio ya mikono ya chuma inayobeba magurudumu. Sikumkamata hata siku moja amekosea, na nilijaribu sana, kwa sababu fundi aliyekosea anapunguza bei.

Msemo wake mkubwa ulikuwa huu: "Mbele hakuna mutoto wa pekee." Maana yake, kitu cha mbele kikifa upande mmoja unabadilisha pande zote mbili. Hilo ndilo lilikuwa shamba letu la ugomvi.

"Papa, ya kushoto njo iko nalia," nilimwambia. "Ya kuume iko kimya. Tubadilishe ya kushoto tu."

"Ya kuume iko kimya sababu iko nabeba ugonjwa ya mwenzake."

"Basi tuiache ibebe mpaka Noeli."

Aliniangalia kama mtu anayepima ubao. "Wewe, ukiwa na mabibi wawili, ukamunulia mumoja kitenge, usiku uko nalala kwa nani?"

"Sina mabibi wawili, Papa."

"Njo maana haujue."

Nikalipa mbili. Ni mtu mmoja tu katika Masisi nzima aliyewahi kunifanya ninunue mbili nilipoenda kununua moja, na hakupandisha sauti.

Alikuwa na mambo yake. Mipira ya mikono, kwa mfano, hakuikaza gari likiwa hewani. Aliingiza bolti, akazungusha kwa vidole, akashusha gari likakaa kwa miguu yake, akalisukuma lipumue, ndipo akajipenyeza chini kwa tumbo na ufunguo wake na kukaza kwa nguvu. Mafundi wa mjini walimcheka kwa hilo, mzee wa umri ule kutambaa kama mjusi. Yeye alisema mpira ukikazwa gari limeninginia, siku litakaposhuka mpira unashinda umejikunja, "sawa muntu amelala na shingo ya kupinda, asubuhi anasema ni uchawi." Magari ya mafundi wa mjini yalirudi baada ya miezi miwili. Ya kwake sisi tulisahau kama yana mipira.

Kunyoosha magurudumu alitumia kamba ya katani na fimbo yenye alama za kisu. Alivuta kamba kutoka gurudumu la nyuma mpaka la mbele, akapima, akazungusha kidogo, akapima tena. Hapo tulifanana: alihesabu mara mbili. Nilimwambia siku moja kwamba mimi na yeye ni watu wa dini moja. Akajibu kwamba yeye anahesabu asidanganye, kuhusu mimi hajui bado.

Msinielewe vibaya, hakuwa mtakatifu. Mtu aliyechukia uongo kiasi kile alikuwa na "sasa hivi" moja iliyoweza kuchukua siku tatu. Ulikuta mkoba wake wa vyombo umefungwa, jirani anasema amekwenda shamba kupalilia viazi na amesema anakuja sasa hivi. Alinyima watu bolti moja iliyotumika, akanyima kweli, mpaka mtu anaondoka amekasirika. Kisha kesho yake ungemkuta anamfungia mjane wa mtu breki nzima bila kutaja bei. Mlango wa nyumba yake ulining'inia kwenye bawaba moja miaka yote niliyomjua. Baiskeli yake haikuwa na breki, alisimama kwa kisigino. Na jambo ambalo wateja wapya walikataa kuamini: hakujua kuendesha gari. Hakuwahi kujifunza. Ukimwambia akasikilize kazi yake barabarani alipanda upande wa abiria, akashika dari kwa mikono miwili na kusali kwa sauti.

Lakini desturi yake niliyotaka kuifikia ni ya nyundo.

Kitu chochote kilichokufa alichokitoa kwenye gari, alikitia kwanza mchubuo wa tupa: mmoja kwa cha kushoto, miwili kwa cha kuume. Kisha alikiweka juu ya kipande cha reli, mbele yako, akakivunja. Rotile aliipiga mpaka kikombe kikafunguka kama kinywa cha samaki. Mpira aliukata kwa kisu. Halafu alikuhesabia vyote kwenye mfuko, akakupa, ni mali yako. Nilimuuliza kwa nini anapoteza nguvu hivyo kwa takataka.

"Kitu ya kufa wanaizika," alisema. "Ikianza kutembea inakuwa muzimu. Sasa muzimu ya mbele ya gari, iko natembea na bantu ndani."

Nililisikia hilo vizuri. Naliandika ili nisije nikasema kwamba sikujua.

Siku niliyobadilisha rotile zangu mbili, alipokwisha kuzitoa na kuzitia alama, nilimshika mkono wa nyundo. Nilimwambia asizivunje. Nilimwambia nakwenda Goma wiki ile, nazibeba kama kipimo, nimtafutie za aina ile ile tuwe nazo za akiba. Watu hubeba kitu cha zamani kwenda nacho dukani, ni kawaida, muuzaji analinganisha.

"Kipimo ni moja," alisema. "Juu ya nini unabeba mbili?"

"Papa, mwenyewe ulisema mbele hakuna mutoto wa pekee."

Akacheka. Hiyo ndiyo sauti ninayoisikia zaidi, kuliko kila kitu kilichofuata. Alicheka kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake mzito amejibu swali. "Utanirudishia nizizike?"

"Siku ya soko, Papa."

Aliweka nyundo chini.

Sikwenda Goma. Nilikwenda nyumbani, nikaziosha rotile kwa petroli na mchanga. Nikaondoa michubuo ya tupa kwa tupa yangu. Nikazibana vikombe ndani ya jiriwa ya seremala jirani mpaka zikawa ngumu mkononi kama mpya, nikajaza mafuta mazito, nikapaka rangi nyeusi. Kiatu kizima cha mpira, kile kinachofunika shingo, nilikuwa nacho kimoja tu. Nilikivalisha rotile moja, nikamuuzia mfanyabiashara mmoja wa kutoka Butembo aliyekuwa na duka la vyuma Kitchanga, naye akaiweka kwenye kartoni pamoja na wenzake. Ile nyingine niliishonea kiatu kwa mpira wa ndani wa baiskeli, nikafunga kwa uzi wa kijani wa gunia, nikamuuzia dereva wa kutoka Walikale aliyesimama sokoni na gari dogo la kijivu limejaa madumu ya mawese, mbele linalia ko kila likivuka jiwe. Alinishukuru. Nilipatana naye vizuri. Sikumbuki nilipata kiasi gani, na mimi huwa sisahau.

Siku ya soko Papa Fundi aliniuliza zile rotile. Nikasema nimezisahau Goma, nazileta sasa hivi. Neno lake mwenyewe.

Palikuwa na Mwalimu mmoja wa Nyamitaba aliyekuwa na gari dogo kama langu. Mtu wa hesabu, mpole, alibeba mke wake na jibini Jumamosi na vitabu siku nyingine. Gari lake lilipoanza kulia alinunua rotile moja Kitchanga, dukani, kwenye kartoni. Moja, kwa kuwa fedha ya mshahara ilitosha moja. Akampelekea Papa Fundi. Papa Fundi alimwambia habari ya mtoto wa pekee, wakabishana, na mwisho akakubali kufunga moja, kwa sababu Mwalimu aliahidi kuleta ya pili mwezi ujao. Aliishika mkononi, ikawa ngumu. Kiatu kilikuwa kizima. Akaifunga.

Haikufika mwezi. Kwenye mteremko wa chini ya kijiji cha Kingi gurudumu la kushoto lilijikunja chini ya gari kama mguu wa mbuzi aliyepiga magoti. Mwendo ulikuwa mdogo, tumshukuru Mungu kwa matope. Gari liliingia mtaroni, likalala kwa ubavu. Mke wa Mwalimu alitoka na mikwaruzo. Mwalimu alivunjika mkono wa kuume mahali pawili, ukaunga vibaya. Mpaka leo anaandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, na watoto wanasema herufi zake zinapanda mlima.

Nilikuwa napita na jibini langu. Nilisaidia kuinua gari. Tulikuwa watu tisa. Nikahesabu tena, tisa, na mimi ndani. Papa Fundi alikuja kwa miguu, mbio za mzee, amevaa kiatu kimoja. Alipiga magoti kwenye gurudumu, akavuta kile kipande kilichochomoka, akakipangusa kwa shati, akakileta karibu na macho. Alikitazama muda mrefu. Kisha akakitia mfukoni.

Kijana mmoja wa chukudu, aliyeegemea ule mkokoteni wake wa mbao, akamwambia: "Papa, macho yako imeisha. Wachia kazi batoto."

"Imeisha," alisema Papa Fundi.

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Nilikuwa na neno mdomoni, lote, limekamilika. Nikasema: "Pole, Papa."

Aliniangalia miguu, halafu akaenda kwa Mwalimu, akakaa naye chini mpaka machela ilipofika.

Baada ya hapo watu hawakumtukana. Ingekuwa afadhali. Walipunguza tu. Mmoja alisema mzee apumzike, mwingine akasema mjini kuna mashine. Gogo likaota nyasi. Alimuuzia jirani kriki, vyombo vingine akagawa, nyundo akabaki nayo. Mimi nikahamia Walikale na mke wangu. Niliwaambia watu kwamba ni kwa sababu ya biashara ya mawese, na kweli mawese yalikuwepo.

Huko ndiko ujumbe wake ulikonifuata. Wa kwanza aliuleta dereva wa lori: "Papa Fundi anakusalimia. Anasema uje, ako na swali moja." Wa pili ulikuja na mama mmoja muuza chumvi, maneno yale yale, swali moja. Wa tatu ulikuja na mtu wa kanisani kwake. Mara tatu, nimehesabu nikarudia. Kila mara nilituma salamu na kilo ya chumvi au kipande cha sabuni. Nilidhani nalijua swali. Nilidhani ni lile ambalo mtu yeyote angeuliza: kwa nini ulinifanyia hivi. Jibu sikuwa nalo, na mtu wa kupatana bei haendi sokoni mikono mitupu.

Habari nyingine ilikuja bila kutumwa. Walisema mzee amechanganyikiwa. Kila siku ya soko anatembea kwa miguu, leo Kitchanga, kesho kutwa kwingine, na akikuta gari dogo limesimama anainama mbele yake, anashika gurudumu juu na chini, anatikisa, anachungulia. Madereva walimfukuza. Mmoja alimwita mwizi. "Anatafuta kazi, masikini," walisema. Mimi pia nilisema masikini.

Mwaka huu, mvua za kwanza, nilikwenda. Nilijiambia ni kwa sababu gari langu jeupe lilianza kulia kama kitanda cha wageni na hapakuwa na fundi wa kuliamini. Ilikuwa kweli pia. Nilimkuta Nyamitaba, kwa binti yake, amekaa kibarazani anapukuchua maharagwe kwenye ungo. Amekuwa mdogo. Jicho moja lina ukungu. Nyundo ilikuwa chini ya kiti.

"Shikamoo, Papa" sisi hatusemi sana huku. Nilisema: "Papa, jambo."

"Jambo, kaka. Iko inalia," alisema, bila kunyanyua kichwa. Alikuwa amelisikia gari tangu njiani. "Mipira. Nani aliikaza?"

"Fundi moja ya Walikale."

"Gari iko juu?"

"Iko juu, Papa."

Akatikisa kichwa. Binti yake alileta kigoda. Nilikaa, nikaanza kumsaidia kupukuchua, na katikati ya maharagwe nikasema yote. Goma nisikokwenda, jiriwa, rangi nyeusi, kartoni. Nilisema haraka, kama mtu anayelipa deni kabla hajabadili nia. Nikasema nimekuja kuomba anisamehe, na nitakwenda kwa Mwalimu nimwambie mwenyewe, na nitasimama kanisani nikitakiwa.

Aliniacha nimalize. Akaingiza mkono mfukoni mwa koti akatoa kile kipande, kimefungwa kwenye kitambaa. Alinionyesha shingo yake, mahali palipofichwa na kiatu. Palikuwa na mchubuo mmoja wa tupa.

"Ya inje uliifuta," alisema. "Wewe unahesabu mara mbili. Mi natia alama mara mbili."

"Ulijua tangu siku ile."

"Siku ile, pale chini. Lakini ni mi niliifunga. Sikufunua kiatu niangalie. Nilikuwa muvivu, muntu wa duka nilimuamini. Muntu mwenye kufunga njo mwenye kujibu." Alirudisha kitambaa mfukoni. "Ya Mwalimu ilishakatika. Hii haitaumiza tena muntu. Nilikuita mara tatu."

"Niliogopa, Papa. Nilijua unataka kuniuliza juu ya nini nilifanya vile."

Hapo ndipo alipokasirika, mara ya pekee nimemwona. Si kwa sauti. Aliweka ungo chini.

"Juu ya nini? Juu ya nini nilishajua, ulipenda franga. Hiyo hata mutoto anajua." Akanyoosha vidole viwili mbele ya uso wangu, vimekunjamana, vina mafuta meusi kwenye mikunjo yasiyotoka tena. "Hii iko na alama moja. Ya kushoto. Nilikupatia mbili. Ya kuume iko wapi?"

Maharagwe yalinitoka mkononi.

Miaka ile yote nilikuwa nimeibeba moja. Nililala nayo, niliamka nayo, nilimwona Mwalimu na mkono wake. Ile nyingine, ya uzi wa kijani, sikuwa nimeihesabu hata mara moja. Na mzee huyu alikuwa ameitafuta kwa miguu, soko kwa soko, akiinama kwenye magari ya watu wanaomwita mwizi, wakati mtu mmoja tu duniani aliyejua gari lile ni la rangi gani na lilielekea upande gani alikuwa Walikale, anamtumia sabuni.

"Niliuzisha dereva wa Walikale," nilisema. "Gari ndogo ya kijivu. Ya mawese."

"Walikale," alisema polepole. "Mi nilitafuta upande wa huku."

Kisha akainama, akachukua nyundo chini ya kiti, akaniwekea mapajani.

"Ya kusamehe tutazungumuza kisha. Ukiipata, usiniletee maneno. Niletee chuma."

Sijaipata. Labda ilishabadilishwa na fundi mwenye macho mazuri. Labda ilishakatika mahali ambako sikusikia. Nimeulizia kila maegesho kati ya Walikale na Masisi, na kwenye kila kizuizi ambapo magari yanasimama nashuka, nainama, nashika gurudumu juu na chini. Juzi dereva mmoja kijana aliniuliza kama nimechanganyikiwa. Nilimtandikia gunia nikamwomba alale chini aangalie mwenyewe. Alinitukana kwanza. Kisha akalala.

Nyundo iko kwenye buti la gari. Kwa hiyo wewe mwenye gari dogo la kijivu, uliyewahi kubeba mawese, au uliyelinunua kwa mtu aliyebeba mawese: kabla ya mteremko wowote, lala chini uingize kichwa, utazame gurudumu la mbele la kushoto, halafu la kuume, maana sijui ile rotile ilifungwa upande gani. Uzi ni wa kijani.